Ushauri: Mdhamini anataka jina la karnivali yetu ya mtaa, tumpe au tukatae?

Katibu wa Mtaa
Wakubwa shikamooni, wadogo habari za majukumu. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Mtaani kwetu Temeke kila mwaka baada ya Sabasaba tunafanya karnivali. Ilianza na mdundiko, ngoma ya Wazaramo ya kutoa mwali, watu wakazoea kuufuata, vijana wakaingiza singeli, siku hizi ni mavazi, ngoma na watoto waliopakwa rangi kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Kila kaya inachanga kuanzia buku mbili (Sh 2,000), mama lishe wanalipia meza, daftari la michango linasomwa kwenye kikao. Kamati tupo saba.

Mwaka huu kampuni moja inataka kutoa Sh 12,000,000. Sharti lao ni karnivali ibebe jina lao, na mtu wao akae kwenye kamati. Tuwape au tukatae?

Mzaramo wa Tandika
Umenikumbusha mdundiko! Nikiwa mdogo nimeufuata toka Tandika, ngoma imekolea, nashtuka giza limeingia sijui niko wapi. Nilirudishwa na muuza kahawa. Bi mkubwa alinichapa huku analia. Endeleeni jamani, isife.

Ummu Swabra
Mimi mtanisamehe. Watoto wa kike kukata viuno barabarani mchana kweupe, mdhamini akiwepo au asiwepo, ni malezi gani? Anzieni hapo kwanza.

Wakili wa Uchochoroni
Katibu, kabla ya jina: kamati imesajiliwa? Akaunti ni ya nani? Mkataba atasaini nani?

Katibu wa Mtaa
Usajili unashughulikiwa. Akaunti kwa sasa tunatumia ya mtu anayeaminika. Swali langu ni la jina, mkuu.

Wakili wa Uchochoroni
Mtu gani anayeaminika?

Mpiga Zumari
Tusimbane sana. Mimi nasema chukueni hela. Sauti za Busara, lile tamasha la muziki kule Zanzibar, ilianza 2004, ina ofisi na watu wanaolipwa, lakini 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Kama wale walikwama, buku mbili za kaya zitafika wapi?

Wakili wa Uchochoroni
Zumari, buku mbili ndizo zinazompa kila kaya haki ya kuuliza. Katibu, nasubiri.

Katibu wa Mtaa
Haya. Akaunti ni yangu. Mkataba nimeshasaini mimi, wa miaka mitatu, na nusu ya kwanza imeingia. Kamati haijui. Wanadhani bado tunazungumza.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Mwenyekiti wetu anataka tumsubiri mtu mmoja wa siasa ambaye kila mwaka anaahidi. Mwaka jana tulimsubiri, spika zikafika saa nane mchana, watoto wameshachoka na jua. Mimi ndiye ninayezunguka kwa afisa utamaduni kufuata kibali, kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kuomba ulinzi, kwa wakala wa barabara TARURA kuomba kufunga barabara. Wale wengine sita wanakuja siku ya fulana. Hela nimelipia nusu ya spika na jenereta na nimenunua majora ya kitambaa Kariakoo. Mafundi wameshakata. Sijala hata senti.

Mama Kikoba
Dada, mimi nakuamini kwamba hujala. Kikundi chetu cha kuzikana mweka hazina naye hakuwa amekula, ila alipofariki hela ilikuwa kwenye simu yake na PIN ameondoka nayo. Tulimzika kwa kukopa. Tangu hapo watia saini ni watatu, na hatubembelezani.

Chungulia Dirisha
Hii chai, stori ya kutunga. Kampuni yenye wahasibu haiwezi kumwekea mtu binafsi hela ya karnivali ya mtaa isiyosajiliwa. Na mtaa hautajwi. Huyu ni mtu wa masoko anapima upepo, anataka kujua wananchi watapokeaje tangazo lao.

Mpiga Zumari
Hata mimi nimeanza kuona. Temeke nimezaliwa, karnivali gani hiyo?

Mzaramo wa Tandika
Kama ni chai, basi ina sukari. Lakini mimi mdundiko wangu ni wa kweli.

Katibu wa Mtaa
Siwezi kutaja mtaa, wanakamati wamo humu. Chungulia, waliniingiza kama mtoa huduma. Walikata kodi ya zuio asilimia 5, kwenye milioni 6 ikaingia 5,700,000. Kibarazani kwangu sasa hivi kuna mabawa ya waya wa kufungia nondo, yamevishwa kitambaa cha manjano, bawa moja refu kuliko mtoto atakayelivaa. Nikatunge hivyo ili iweje?

Chungulia Dirisha
Hiyo ya zuio mtu wa kutunga asingeikumbuka. Nafuta kauli.

Wakili wa Uchochoroni
Na hapo ndipo penye shida yako kubwa kuliko jina. Kwenye vitabu vyao wewe ndiye mwenye biashara, na watu wa kodi, TRA, wataiona kama mapato yako. Hiyo miaka mitatu umeiuza kwa niaba ya nani? Mwenye karnivali ni wale wa kwenye daftari.

Andikeni katiba fupi: kamati inachaguliwa na nani, inakaa muda gani, nani anasaini hela, jina ni mali ya nani. Chama kinasajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Mambo ya Ndani, kwa Sheria ya Vyama Sura 337. Kikundi kidogo, anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Kisha rudini kwa mdhamini mkataba uandikwe upya kwa jina la chama. Nembo kwenye jukwaa na fulana apewe, kiti cha kupiga kura asipewe.

Ummu Swabra
Na mavazi yawemo kwenye katiba.

Katibu wa Mtaa
Kikao kipo Jumapili. Nitausoma mkataba mbele yao, na taarifa ya benki nitaibeba. Ila spika sizirudishi. Wakitaka kunitoa ukatibu wanitoe, watoto watatembea na ngoma yao.

Mama Kikoba
Nenda na mtu, usiende peke yako.

Wakili wa Uchochoroni
Kipengele cha kuvunja mkataba kinasemaje? Kipige picha, ficha majina, kiweke hapa leo kabla ya hiyo Jumapili.