Fainali ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, Florida 65, Houston 63: waligeuzaje?

Dada wa Katuba: Wandugu, umeme ulikatika kwetu, Houston wakiwa mbele kwa pointi 12. Nikalala. Asubuhi naambiwa Florida ndio mabingwa wa 2025! Na Clayton, nyota wa Florida, alienda mapumziko bila pointi hata moja. Ilikuwaje?

Kijana wa Kamalondo: Yaya, ulinzi. Clayton alimaliza na 11 tu, lakini sekunde za mwisho Sharp wa Houston aliruka arushe ya pointi tatu, Clayton huyo usoni! Sharp akauachia mpira udunde. Akitua nao mikononi, kosa. Akiugusa tena kabla ya mwingine, kosa. Akabaki kuuangalia. Condon wa Florida akaurukia, muda kwisha. Nilipiga kelele saa kumi na moja alfajiri, bibi akadhani wezi.

Mzee wa Kenya, Lubumbashi: Na Will Richard wa Florida je? Pointi 18, ndiye aliyewabeba kipindi cha kwanza. Mimi ni wa Florida tangu enzi za akina Noah na Horford, tulipotwaa ubingwa 2006 na 2007. Ila tuseme ukweli, Houston mara mbili za mwisho walipokuwa na mpira hawakurusha hata mara moja. Aibu.

Dada wa Katuba: Aksanti, papa. Jumamosi watoto wangu wa timu watafanya zoezi la kumrukia mrushaji bila kumgusa.