Wasifu wa Kaunti ya Kajiado: nianzie wapi ili usiwe nakala ya rasimu zilizopita?

Mchora_Ramani

Wenzangu, hamjambo. Naandaa wasifu wa Kajiado, kurasa nne hivi, utakaosomwa na watu wa mradi wa maji ambao hawajawahi kufika. Rasimu nilizopewa kama mfano zimenakiliana: kaunti ya wafugaji, kavu, watu 51 kwa kilomita ya mraba, inapakana na Nairobi. Msomaji akishashika hayo, mshushe Rongai saa kumi na mbili jioni uone kama atatambua chochote.

Nataka kujua takwimu zipi zina maana na zipi zinapotosha, habari ya ardhi nieleze vipi bila kuandika kitabu, na kuhusu maji nini kisikose kabisa. Wanaoijua kaunti kwa kazi zao, naomba msaada.

Bi_Takwimu

Hiyo 51 ni hesabu sahihi isiyomweleza mtu kitu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika takriban kilomita za mraba 21,900. Sasa chukua miji mitatu tu: Ongata Rongai 172,569, Kitengela 154,436, Ngong 102,323. Jumla 429,328, yaani zaidi ya theluthi moja ya kaunti nzima wamebanana kwenye kona inayogusana na Nairobi. Kajiado Kaskazini peke yake ina watu 306,596, na msongamano wake unapita 2,000 kwa kilomita ya mraba. Mashuuru, ambayo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi, ina watu 64,214. Wastani wa hizo mbili ni mahali pasipokuwepo.

Weka pia kasi ya ongezeko. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na watu 687,312. Ni ongezeko la karibu asilimia 63 kwa miaka kumi, au takriban asilimia 5 kwa mwaka. Hakuna uzazi unaoweza kuleta kasi hiyo. Ni watu kuhama, na wengi wanatoka upande wa jiji wakifuata kodi nafuu na ploti ya kujenga.

Mtego unaowanasa wengi ni kuchanganya kaunti ndogo na maeneo bunge. Sensa imetumia kaunti ndogo: Kajiado Kaskazini, Kajiado Kati, Kajiado Magharibi, Isinya, Mashuuru na Loitokitok. Tume ya uchaguzi ina maeneo bunge matano, na hapo Isinya na Mashuuru humezwa na Kajiado Mashariki, Loitokitok nayo huitwa Kajiado Kusini. Utakuta ripoti imechukua watu wa Isinya (210,473), Kitengela ikiwa humo, ikawagawanya kwa eneo la Kajiado Mashariki yote, halafu inashangaa mbona Kitengela ni shamba tupu. Chagua mfumo mmoja, uutaje kwenye ukurasa wa kwanza, usitoke humo.

Mpima_Kaputiei

Kwenye ardhi, mweleze msomaji mambo mawili tu: ranchi za vikundi, na jinsi zilivyokatwa.

Sheria ya 1968 iliruhusu koo na majirani wa Kimaasai kusajiliwa kama wamiliki wa pamoja chini ya wawakilishi waliochaguliwa. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kugawanywa, kila mwanachama apate hatimiliki yake. Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988. Mtu aliyepata mamia ya ekari aliuza kipande karo ya shule ikija, kingine ukame ukija, na aliyenunua naye akakata ploti. Ndiyo maana mji ulikua kwa viraka: kundi la nyumba, uwanda wa nyasi, ua la seng'enge, kundi lingine. Anayetafuta ramani ya mipango miji iliyozaa sura ile atachoka bure. Huko magharibi, Shompole na Olkiramatian wanajulikana kwa kushikilia malisho ya pamoja na kutenga sehemu ya kiangazi, na tangu 2016 sheria inayohusika ni ile ya ardhi ya jamii. Usiziweke sentensi moja na Kitengela.

Ukitaka kuonyesha kasi ya kukatwa kwa ardhi bila kubuni takwimu, soma namba za hatimiliki. Namba kama Kajiado/Kaputiei-North/… hubeba jina la sehemu ya usajili, kisha namba ya kipande. Kipande kikigawanywa, namba ya zamani hufungwa na vipande vipya hupewa namba zinazofuata mwishoni mwa orodha. Kwa hiyo namba kubwa kabisa ya leo ukilinganisha na ile ya ramani ya usajili ya awali, unaona ukataji wenyewe. Tahadhari: ramani ya usajili huchelewa kurekebishwa. Kuna kipande kinachoonekana kizima kwenye karatasi ilhali uwanjani kuna nyumba thelathini na bikoni (alama za mpaka) zimeng'olewa. Fomu ya mgawanyo ya mpima ndiyo yenye ukweli wa karibu zaidi.

Na tafadhali usiandike kwamba ploti ya futi 50 kwa 100 ni moja ya nane ya ekari. Madalali husema hivyo mchana kutwa. Futi 5,000 za mraba ni ekari 0.115, na hektari zinazotokea kwenye hati ni 0.046 hivi, wakati moja ya nane halisi ni hektari 0.0506. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ukitoa njia ya mita 9 unabaki na ploti saba, nane ukibana. Hizo tofauti ndogo zikizidishwa kwa maelfu ya ploti ndizo njia nyembamba ambazo sasa mradi wenu utatafuta pa kupitishia bomba.

Jambo moja la kisheria linawahusu mkihitaji kiwanja cha tangi au kituo cha pampu. Ardhi ikiwa bado ni ya kilimo, kuuza au kugawanya kunahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Mwenzi wa muuzaji naye lazima akubali kwa maandishi. Miradi hulipa mzee mmoja, ikachimba msingi, kisha wake na wana wanakuja na wakili.

Fundi_wa_Mabomba

Mpima amegusa bomba, niendelee hapo.

Chanzo kikubwa cha kusini ni chemchemi za Nolturesh, chini ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok. Bomba lake huhudumia sehemu za Kajiado, Makueni na Machakos. Kwenye wasifu andika wazi kwamba maji hayo hupita kwenye ardhi ya wafugaji kwenda kwa wengine. Bila sentensi hiyo hamtaelewa kwa nini bomba hutobolewa njiani: ng'ombe wana kiu na bomba liko hatua mia kutoka bomani. Mkilaza bomba jipya, wekeni vituo vya kunyweshea tangu siku ya kuchora, na hori liwe mbali na bomba lenyewe, la sivyo kwato zitafukua udongo wa juu mpaka bomba libaki wazi.

Mijini watu wengi hutegemea visima virefu na malori ya maji. Hapo ndipo rasimu nyingi huandika "maji yapo" zikaishia hapo. Maji yapo, lakini mengi yana chumvi, na vipo visima vyenye floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haionjeki wala hainusiki. Meno ya watoto huonyesha madoa ya kahawia baada ya miaka. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kidogo kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki. Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo lazima libadilishwe kwa wakati, au mtambo wa utando wa kuchujia kwa shinikizo, unaokula umeme na kutoa maji machafu yenye chumvi kali ambayo nayo yanahitaji pa kwenda.

Utaratibu wa kisima uwe hivi, na msikubali mkandarasi aruke hatua: uchunguzi wa miamba, kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji, leseni ya mazingira, kuchimba, kupampu kwa majaribio saa 24 mfululizo huku kina cha maji kikiandikwa, sampuli maabara, ndipo pampu inunuliwe. Wengi hununua pampu kabla ya majaribio. Kisima kikitoa nusu ya walichotarajia, pampu huvuta hewa na kuungua, lawama anapewa fundi.

Halafu udongo. Kuanzia Kitengela kwenda Isinya kuna ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mkono unaingia kwenye ufa, na ukinyeshewa hufura. Bomba la plastiki likizikwa humo bila mto wa mchanga, hujipinda na kufunguka kwenye maungio mvua ya kwanza. Chimba, weka mchanga chini na pembeni, rudishia moramu (udongo mwekundu wenye changarawe) iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20 kila moja. Chini ya tangi ondoa udongo mweusi wote hadi ufike kwenye mwamba au moramu. Shimo la maji taka nalo halifyonzi humo. Likijaa mvua kubwa, hurudisha uchafu juu, na visima vifupi vya jirani huchafuka. Kama wasifu wenu unagusa usafi, hilo lina uzito kuliko idadi ya vyoo.

Enkang_ya_Kusini

Naona mnaizungumzia Kitengela kana kwamba kaunti inaishia Isinya. Na hilo neno "kavu" lirekebishwe. Mvua ni kama milimita 300 bonde la Amboseli, lakini hufika 1,250 kwenye Vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro. Tena misimu haina uzito sawa: upande wa magharibi hutegemea zaidi mvua za Machi hadi Mei, upande wa mashariki, Loitokitok ikiwemo, hutegemea zaidi zile za Oktoba hadi Desemba. Mradi ukipanga kazi za kuchimba mitaro kwa kalenda moja, nusu ya mitambo itakwama kwenye tope.

Kimana kuna nyanya na vitunguu vya umwagiliaji kutokana na chemchemi. Maji hayo hayo yanagombewa na mkulima wa juu, mfugaji wa chini na ndovu wa Amboseli. Hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 392 tu. Wanyama hawali humo mwaka mzima, wanalala na kula kwenye ardhi za watu. Seng'enge ikizidi, njia zinafungwa, kama ilivyotokea uwanda wa Kitengela, ambao ulikuwa malisho ya mvua ya nyumbu wa Hifadhi ya Nairobi.

Uchumi msiuandike "mifugo na utalii" mkanyamaza. Magadi imechimbwa tangu 1911 na ina reli yake hadi Konza. Upepo unazalisha umeme Ngong, megawati 25.5, na Kipeto, megawati 100. Kiserian kuna vichinjio vinavyolisha Nairobi nyama. Namanga ni mpaka wa Tanzania. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo kwa wingi, kwa hiyo idadi yoyote ya ng'ombe iliyoandikwa kabla ya hapo iandikeni na mwaka wake.

Barabara nazo zinasimulia. Kutoka Rongai kwenda Kitengela huwezi kukata moja kwa moja kwa sababu Hifadhi ya Nairobi imekaa katikati. Unazunguka kupitia jijini au kwa barabara ya Kiserian hadi Isinya. Matatu zinaelekea Nairobi, 111 ya Ngong, 125 ya Rongai, 110 ya Kitengela, na ndiyo maana miji hii inajuana na jiji kuliko inavyojuana yenyewe. Loitokitok lami yake hutokea Emali, kaunti ya Makueni. Mtu ana shida ya kaunti yake, anaanza safari kwa kutoka ndani yake.

Mchora_Ramani

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Bi Takwimu, swali moja la mwisho: mpaka wa "mjini" na "mashambani" niuchore wapi? Mamlaka ya usafiri ya jiji kuu iliyoundwa 2017 imeingiza Kajiado yote pamoja na Kiambu, Machakos na Murang'a. Nikifuata hiyo, hata Shompole ni jiji kuu.

Bi_Takwimu

Usiifuate kwa kazi hii, ile ni mipaka ya utawala. Chukua juzuu ya pili ya sensa ya 2019, inayoshuka hadi kata ndogo, pale kwa naibu wa chifu. Panga kata ndogo zote kwa msongamano kuanzia juu. Utaona orodha inashuka kwa ngazi, na kuna mahali inaanguka ghafla. Mstari wako uko kwenye anguko hilo, na uandike ulikata kwa idadi gani ili mwingine aweze kurudia. Kisha fungua juzuu ya nne, ambayo ina vyanzo vya maji ya kunywa kwa kaunti ndogo, uilinganishe na alichosema Fundi: kaya zinazonunua maji ya malori zitaonekana mahali pale pale ploti zilipo nyingi. Angalia tu Isinya isikudanganye, kwa maana ina Kitengela upande mmoja na nyika upande wa pili. Hiyo gawanya kwa kata ndogo, hata kama zingine utaziacha nzima.

Mpima_Kaputiei

Na ukichora ramani hiyo, weka tarehe ya picha ya setilaiti pembeni. Kwenye ukingo wa Kitengela picha ya miaka mitatu nyuma tayari ni ya mahali pengine.