Idd baharini na watoto imetushinda, hivi nyinyi mwaenda saa ngapi?

MamaWatatu
Assalam aleikum jamani, nauliza kwa nia njema maana kwangu mpaka sahii watu hawasemezani vizuri. Idd mosi, hii ya kumaliza mfungo, tulitoka kwenda Pirates, ule ufuo wa Bamburi hapa Mombasa, mimi na bwanangu na wanetu watatu, mkubwa ana miaka saba, wa kati minne, mdogo ndiyo kwanza aanza kutembea, tukamchukua wifi na wanawe na mavyaa pia, tukakodi matatu. Mpango wa mavyaa ulikuwa watu waswali, tule biriani, watoto wazungushwe kwa mashangazi wapate mkono wa Idd, ndiyo tutoke baada ya adhuhuri. Haya. Kutoka Majengo hadi kumaliza daraja la Nyali jam, Kongowea jam, Bombolulu jam, mdogo ashaanza kulia, wa wifi ashatapika mabuyu kwenye kanzu mpya, dereva apiga kelele viti vyake vya kitambaa. Tumefika yakaribia saa kumi.

Wallahi hapakuwa na mahali pa kukaa! Maji yamepanda mpaka karibu na vibanda, ule mchanga mpana mliouzoea umebaki ukanda tu na Mombasa nzima imejipanga juu yake. Tumetandika mkeka, sufuria ya pilau hatujaifunua, wimbi likaja likachukua kandambili za mavyaa na pakiti nzima ya pampasi. Pampasi zikafura zikawa zaelea, watoto wa watu wazipiga mateke kama mpira, na mimi niko pale najifanya si zangu. Tukahama tukatandika nyuma ya ngamia, na nyuma ya ngamia mwajua wenyewe kukoje.

Halafu ndiyo ikaja kubwa. Wa kati hayuko. Namuuliza bwanangu, asema yuko na wifi, wifi asema yuko na babake. Na siku ile kila mtoto wa kiume amevaa kanzu nyeupe na kofia, nawashika mabega nawageuza, si wangu, nageuza mwengine, si wangu, mmoja akaanza kulia mamake akanitolea macho. Na maji yazidi kuja. Yaani sitaki hata kuandika nilichokuwa nikikiwaza. Alipatikana kwa mama mmoja muuza mihogo, amekalishwa juu ya ndoo, ala muhogo na pilipili yake, na alipoulizwa babako aitwa nani alijibu "Baba".

Kurudi, ile matatu tuliyoikodi imeshapata abiria wengine, simu haishikwi, tuktuk wataka mara mbili. Bwanangu ameapa haendi baharini na watoto mpaka waoe. Mavyaa asema yeye alitaka bustani ya Mama Ngina toka mwanzo (hakusema!). Na watoto wenyewe ndio wanishangaza, waniuliza tutarudi lini.

Sasa swali, wenye watoto wadogo mwafanyaje? Mwaenda saa ngapi, na mbona maji yalikuwa vile? Shoga yangu mwaka jana alilalamika hivi hivi siku ya Idd.

BabaTwins
Pole sana dada, ila hapo kwa pampasi nimecheka mpaka wife akaja kuangalia nasoma nini. Mimi nilikuwa hapo hapo siku hiyo, pengine moja ya pampasi zako ilinipita. Mapacha wangu siku za watu wengi siwavalishi kanzu kabisa, nilinunua fulana za rangi ya machungwa zile za kung'aa kama za watu wa barabarani, mamangu alinung'unika ati watoto wa Kiislamu siku ya Idd wamevaa kama vibarua, nikamwambia kanzu waliswalia asubuhi, imetosha. Unawaona kutoka mbali hata wakiwa ndani ya maji. Swali la maji mwachie mzee_wa_ngalawa akiingia.

mpita_njia001
Watu wazima wanne na mtoto amepotea? Mimi siwezi kupeleka mtoto wa miaka minne pahali kama pale siku kama ile, samahani. Bahari si uwanja wa kuchezea. Kaeni nyumbani muwashe TV.

MamaWatatu
@mpita_njia001 ahsante. Ukizaa utanitafuta.

mzee_wa_ngalawa
Waalaykum salaam. Nimeitwa nimekuja. Mama, hukuwa na bahati mbaya na wala huyo shoga yako hakuwa nayo, Idd ya mfungo bahari huwa hivyo kila mwaka na itaendelea kuwa hivyo. Idd ndogo haiji mpaka mwezi uandame, si ndiyo? Na mwezi ukiandama ni mwezi mchanga, na mwezi mchanga ndiyo bamvua. Jua na mwezi zavuta upande mmoja, maji yajaa sana na yapwa sana. Hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua yapita mita tatu, hiyo ni kimo cha chumba. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa kama mita moja hivi na ufuo hauhangaiki. Watu hubishana usiku kucha mwezi umeonekana Tanga au Saudia, halafu kesho yake wapeleka mikeka baharini wamesahau kwamba mwezi huohuo ndio unaoyaleta maji.

Na saa nazo hazibadiliki sana. Bamvua ya Mombasa hupwa asubuhi, kuanzia saa nne mpaka saa tano na nusu hivi, na hujaa jioni, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, tegemea ni siku ya ngapi ya mwezi, maana kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hivyo ukila biriani kwanza ukatoka baada ya adhuhuri, ukikaa kwenye jam, utafika pamoja na maji. Huyo mavyaa mpango wake ni mzuri kwa mambo yote isipokuwa bahari.

Ukitaka Idd ndogo na watoto, nenda Idd pili, saa tatu asubuhi muwe mshatandika, saa saba mrudi. Au ngoja wiki ipite maji yawe mafu. Bandari hutoa kitabu cha saa za maji kila mwaka, na kwenye simu pia zipo, andika tu tides Mombasa.

bint_kibokoni
Mzee yuwasema kweli, babangu alikuwa hivi hivi, alikuwa hatazami kalenda ya ukutani, atazama mwezi tu ndiyo amjibu mamangu kama twaenda ama hatwendi.

Lakini dada mimi siku za Idd nshahama bahari. Mama Ngina tangu itengenezwe ile 2019 kuna pa kukaa, kuna nyasi, mibuyu ile mikubwa ina vivuli, watoto waangalia meli zikipita mlangoni pale kuingia bandari ya Kilindini, karibu mpaka wapungia mabaharia mikono. Viazi karai, mihogo, madafu, kachri, vyote viko. Hakuna wimbi litakalokuja kukuchukulia pampasi. Ubaya wake upande wa maji ni mwamba na kina ni kirefu, mtoto ukutani kule usimruhusu. Na usiku wapeleke uwanja wa Makadara kwenye bembea, watalala wenyewe.

MtwapaWetu
Haller Park ya Bamburi jamani mbona hamuisemi. Ile ilikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha simiti, jangwa tupu, René Haller akaanza kupanda mivinje mwaka 1971 na sasa ni msitu. Twiga walishwa kwa mkono jioni, kuna viboko, kuna kobe wakubwa mtoto akae ashangae. Ndiko alikoletwa yule kiboko mdogo Owen aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya 2004, akamganda yule kobe Mzee. Wangu nikiwasimulia hawaongei nusu saa nzima, na hiyo kwangu ni rekodi. Kivuli kila mahali na njia ni moja, mtu hapotei kirahisi.

MamaWatatu
@MtwapaWetu Haller ni kuzuri nakubali lakini kiingilio kwa ukoo mzima na wifi ambaye hufungua pochi akiwa peke yake... tuliache hilo. Mama Ngina nimeipenda ila nikienda mavyaa atasema "si nilisema" mpaka Idd nyengine.

@mzee_wa_ngalawa Allah akuweke. Nimemsomea bwanangu, amekaa kimya kidogo halafu ati "kwa hivyo lilikuwa kosa la mwezi", afurahi kama amefutiwa deni.

dada_wa_hina
Mimi nafanya kazi ya hina na siku hizi mama wakija kwangu Chaani na watoto nawaandikia namba ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa hina ya kawaida, kwa ndani hapa juu ya kiganja, hata akiogelea haitoki. Wavulana pia, kuna baba alikataa ati hina ni ya wanawake, nikamwambia basi andika kwa biro tumboni uone itakaa dakika ngapi kwenye maji ya chumvi. ILA SI PIKO. Piko nyeusi ina dawa ya kutia rangi nywele ndani yake, mtoto yaweza kumtoa malengelenge na alama ibaki. Hina ya majani tu ile nyekundu. Na iwe namba ya mtu ambaye simu yake ina chaji, maana nshaona mtoto mkono una namba na simu yenyewe imezimwa toka adhuhuri kwa kupiga picha.

BabaTwins
Hii ya hina ni moto. Fulana ya machungwa na hina, mamangu sasa atanikana.

mzee_wa_ngalawa
Jambo moja nimelisahau, na ni muhimu kuliko yale ya mwanzo. Msije mkaona maji kupwa mkadhani ni salama tu. Bamvua ikipwa Bamburi na Nyali watu hutembea mpaka karibu na mwamba, watoto waokota kaa na konokono, raha sana, lakini maji yakianza kurudi hayaji mbele yako peke yake, hujaza kwanza ile mifereji ya nyuma, wewe uko juu ya fungu la mchanga ukigeuka kati yako na nchi kavu pana mto. Mtu mzima atavuka maji ya kiuno, mtoto wa miaka minne ni kichwani. Maji yakigeuka tu, na nyinyi geukeni. Na wavalishe viatu, vile vya plastiki vyatosha, kuna wale wadudu wa baharini wenye miiba mieusi mirefu kwenye mawe. Akichomwa, maji moto ya kuvumilika yatuliza, wavulana wa bichi watakupakia utomvu wa papai, nao husema wasaidia. Usichimbe kwa sindano pale pale na mikono ya mchanga.

bint_kibokoni
Mzee na Idd Kubwa je? Ile si siku ya kumi ya mwezi?

mzee_wa_ngalawa
Swali zuri binti. Ile ni siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, maji mafu yametoka kupita, kwa hivyo hayana nguvu kama ya Idd ndogo. Yanajaa mchana kwenye saa sita saa saba, alasiri yashaanza kutoka, na jioni ufuo upo. Hapo mpango wa mavyaa wa kula kwanza wakubali kabisa.

MamaWatatu
Ewe mzee usiandike hiyo, yuko nyuma yangu asoma 😂 Kashaanza kuhesabu sufuria.

Basi twajaribu Idd Kubwa, alasiri, hina kwa dada_wa_hina (nitumie namba inbox), pampasi zitakaa garini. Bwanangu amekubali kwa sharti kwamba yeye kazi yake ni kumshika wa kati mkono na hatumwi kitu chengine chochote, hata sambusa. Sasa natafuta matatu ya kukodi kutoka Majengo, dereva wa kungoja mpaka turudi na apokee simu, mwenye kumjua mtu aniambie. Viti visiwe vya kitambaa.