Tupeane uzoefu: mlishawahi kununiana kazini mpaka kazi ikayumba? Iliishaje?

Kilo ya Sukari:
Wakuu, leo asubuhi mhudumu wetu kaenda kuchemsha chai ya saa nne, kakuta kabati lina kufuli tatu. Idara moja, watu tisa, kufuli tatu! Ilianza na mchango wa sukari, elfu tano kwa mwezi. Mmoja akagoma: ana kisukari, anakunywa chai kavu, iweje alipie utamu wa wenzake? Mtunza hela akamjibu, "Basi na maji ya moto usiguse." Maneno hayo tu. Hii wiki ya sita, faili likitoka meza hii kwenda ile lazima lipitie kwa mhudumu. Nyie mlifanyaje?

mzee_wa_faili:
Sukari afadhali. Kwetu ilikuwa Mei Mosi. Mkuu wa idara alimpa mtu yule yule ufanyakazi hodari miaka mitatu mfululizo, bahasha na cheti. Mwaka wa nne fulana zikagawiwa, siku ya maandamano hakutokea mtu. Bango lina miti miwili, mkuu kashika mmoja, wa pili hauna mwenyewe. Ikabidi aitwe dereva.

Dereva SM:
Nami nilishashika bango lisilonihusu. Jua kali na posho hakuna.

Sista wa Zamu:
Sikutaka kuandika ila hiyo ya faili kupitia kwa mhudumu imenikumbusha mbali. Hospitali sitaji.

Tuligombana mimi na mwenzangu kwa ajili ya rosta. Aliipanga yeye, nikajikuta zamu ya usiku Krismasi na mwaka mpya. Nikaenda kwa matroni, akaona nimemchongea. Miezi minane hatukusalimiana. Wodi ya wazazi, jamani! Kupokezana ripoti ikawa anaandika kwenye daftari, anachukua mkoba, anapita mlango wa nyuma.

Usiku mmoja naingia saa mbili, kitanda cha nne kuna mama mwenye kifafa cha mimba, presha 170 kwa 110. Daktari kaandika magnesiamu ya kuzuia degedege, dozi ya kuanzia, na karatasi haina saini ya aliyechoma. Nikajua bado. Nikavuta dawa. Nimeshainua shuka, mhudumu aliyekuwa anapiga deki akasema, "Sista, huyu si keshachomwa? Makalio yote mawili, mimi ndiye niliyemshika."

Mnaoijua dawa ile mnajua. Ikizidi, goti linaacha kuruka ukiligonga, kisha pumzi nayo inakata. Nilirudisha trei nikaenda stoo nikakaa juu ya katoni la dripu, miguu haina nguvu. Nikampigia. Mara ya kwanza kwa miezi minane. "Umemchoma wa kitanda cha nne?" Kimya. Halafu, "Nimemchoma. Sikusaini?"

Alirudi na bodaboda, kajifunga kanga juu ya nguo ya kulalia. Tukakaa wote mpaka alfajiri tunahesabu pumzi za yule mama, tunapima mkojo, tunagonga goti. Samahani hakuna aliyesema, mpaka leo.

Chuma cha Pua:
Ndiyo maana nasema manesi wetu ni wa kuogopa. Mnanuniana roho za watu zikiwa mikononi!

Binti Ukerewe:
Wewe Chuma, ulishawahi kukaa na wazazi thelathini usiku mko wauguzi wawili? Dada wa watu kajianika mwenyewe, unamrushia mawe.

Chuma cha Pua:
Sijamrushia. Nimesema ni wa kuogopa.

Binti Ukerewe:
Ndiyo mawe hayo.

Wakili wa Kijiweni:
Tukirudi kwenye mada: mkikorofishana mpaka ukafukuzwa, usikae nyumbani unalia. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Migogoro mingine siku 60.

mzee_wa_faili:
Hiyo ni ya sekta binafsi, mkuu. Sisi watumishi wa umma, tangu marekebisho ya 2016, tunamaliza kwanza njia za utumishi wa umma. Na mwenye kesi ya sukari anakwenda CMA kudai nini, kijiko?

Mngoni Halisi:
Dawa ni utani. Kwetu bosi ni Mhehe, mtani wangu. Akikasirika nasema huyu keshakosa kitoweo, jirani afunge mbwa wake. Ofisi nzima hoi, hasira imekwisha.

Mtoto wa Iringa:
Mngoni hujafa tu? Sanda yako iko tayari, ngoja kesho nakuja kudai ubani.

Kimya Kimya:
Utani nao una mipaka. Sisi tulipelekwa Bagamoyo kwenye bonanza ili tupendane. Kwenye kuvuta kamba, uhasibu wakapangwa upande mmoja, manunuzi upande mwingine. Mtu alitoka na bega limeteguka. Jumatatu hati za malipo zikaanza kurudishwa kwa kukosa nukta.

Dereva SM:
Msiba ndio unapatanisha. Aliyeninunia mwaka mzima ndiye aliyezunguka kukusanya rambirambi baba yangu alipofariki, akasafiri nasi usiku kucha hadi Kigoma. Ila msiuombe.

Binti Ukerewe:
Sista, usitukimbie. Yule mama?

Sista wa Zamu:
Alijifungua salama kesho yake, wa kiume. Matroni hakuitisha kikao wala hakutuambia tupatane. Alifuta kupokezana ripoti kwa daftari peke yake. Ni kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia wamesimama pamoja mbele ya mgonjwa, karatasi ya dawa mkononi. Wiki ya kwanza tulikuwa tunamtazama mgonjwa tu. Ya pili akaniuliza kama nimekula.

Chuma cha Pua:
Sista, nimefuta kauli.

Kilo ya Sukari:
Nimesoma yote. Kesho nanunua chupa mbili za chai, moja yenye sukari na moja kavu, naziweka mezani kwangu. Shida ni vikombe, viko ndani ya kabati.

mzee_wa_faili:
Kufuli ya nani?

Kilo ya Sukari:
Ya kwangu.