Kupunguza kazi ya kupima vifurushi vya Debian kwa mkono

Swali
Ndugu wanajukwaa, natunza vifurushi vinne vya programu za Debian (mfumo endeshi huria wa kompyuta) kwa kujitolea, na kila toleo jipya linapotoka hulazimika kukisakinisha na kukiondoa kila kimoja kwa mkono, usiku, baada ya kazi ya mshahara. Wiki iliyopita nilisahau kupima uondoaji, na kifurushi kimoja kikaacha faili zake ndani ya /etc (saraka ya mipangilio ya mfumo) hata baada ya kufutwa kabisa. Ni zana zipi zitakazonipunguzia mzigo huu?

Jibu la 1
Pole sana. Kosa hilo hunaswa na piuparts, ambayo huandaa mfumo mtupu wa Debian, husakinisha kifurushi, hukiondoa, kisha hulinganisha faili za kabla na za baada.

Jibu la 2
Naafiki, ila piuparts haikuambii kama programu yenyewe inafanya kazi, na hilo ndilo linalowaumiza watumiaji zaidi. Tumia autopkgtest, zana inayoendesha majaribio juu ya kifurushi kilichokwisha kusakinishwa. Katika faili ya debian/tests/control, mistari miwili inatosha kuanzia:

Test-Command: programu-yako --version
Depends: @

Alama ya @ humaanisha vifurushi vyote vinavyotokana na msimbo-chanzo wako. Jaribio hili ni la juujuu, kwa hiyo ongeza "Restrictions: superficial", halafu ukipata nafasi uandike jaribio linalosoma faili halisi na kukagua matokeo yake.

Jibu la 3
Ukihifadhi msimbo-chanzo wako Salsa (seva ya Debian ya kuhifadhi msimbo), washa Salsa CI, mfumo wake wa majaribio ya kiotomatiki: zana zote mbili, pamoja na lintian (inayotafuta makosa ya kawaida katika vifurushi), zitaendeshwa zenyewe kila unapopeleka mabadiliko.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nitaanza leo na kile kifurushi kilichoacha faili.