Mradi wa baiskeli umeisha, tufanyeje watu waendelee kuendesha? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu,

Niko kwenye kikundi cha baiskeli hapa Manzese, Dar. Mfadhili alitupa baiskeli za mtumba na hela ya kufundisha kina mama kuendesha kwenda sokoni na kazini. Mwitikio ulikuwa mzuri kuliko tulivyotarajia. Sasa mradi umefungwa, ripoti imeandikwa na picha zimepigwa, ila baiskeli zinaanza kurudi kuegeshwa ukutani.

Kinachoziua ni vitu vidogo. Tyubu imepasuka, breki imeisha, na saizi ya tairi ya hizi za mtumba fundi wa mtaani hana. Mama akikosa baiskeli wiki mbili, ameshazoea daladala au mabasi ya mwendokasi, humrudishi tena. Halafu kuna njia ya baiskeli pembeni ya Morogoro Road, iliyojengwa pamoja na mwendokasi ulioanza 2016. Ipo, lakini bodaboda wanapita humo na wengine wanapaki kabisa.

Kigali wamekuwa na siku za barabara bila magari tangu 2016, na Bogotá kule Colombia wanafunga barabara Jumapili tangu 1974. Wale wana jiji nyuma yao, sisi tuna mwenyekiti wa mtaa tu.

Tunafikiria kila mwanachama achangie kidogo kwa mwezi, tumlipe fundi mmoja na tununue vipuri kwa jumla Kariakoo. Aliyewahi kuendesha mfuko kama huo, pesa mliitunzaje bila ugomvi? Na suala la njia tuanzie manispaa au TANROADS (wakala wa barabara kuu)?