MJADALA: Ibada ya Krismasi, watoto watangulie au wasubiri matangazo?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tulijadili hili kabla wazee wa kanisa hawajafunga ratiba ya Desemba.

Mnajua hali ilivyo kwenye sharika zetu za Kilutheri huku Kilimanjaro. Watu wamepanda kutoka Dar, kanisa limefurika, wengine wako nje chini ya turubai. Kwaya kuu nyimbo mbili, vijana mbili, akina mama mbili, halafu inaibuka kwaya ya wageni ambayo haikuwa kwenye ratiba. Mahubiri. Matangazo. Mnada wa sadaka za mazao. Ndipo anaitwa mwalimu wa shule ya Jumapili: "Watoto, kwa kifupi tafadhali." Muda huo malaika mmoja kalala kwenye kanga ya bibi yake, Yusufu kaenda chooni na ndevu zake za pamba, na mchunga kondoo analilia soda.

Nashauri watoto watangulie, kwaya zifuate, mnada ufanyike nje baada ya baraka. Na mkesha wa tarehe 24, saa kumi na mbili jioni, uwe wa familia: usizidi saa moja na nusu, na mama mwenye mtoto anayelia asikodolewe macho.

Wapo watakaosema tunachezea liturujia. Wakatoliki wana Misa nne za Noeli, mkesha, usiku, alfajiri na mchana, na hakuna anayewaambia wanacheza. Wamoravian nao, kule Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747, askofu wao Johannes de Watteville aliwapa watoto mishumaa midogo yenye utepe mwekundu kwenye ibada yao ya Krismasi. Desturi hiyo ipo hadi leo. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, mkesha wa jioni ni wa wenye magari. Sisi wa mitaa ya juu, mvua ikinyesha bodaboda haipandi, na kushuka gizani na watoto watatu ni mtihani. Watangulie asubuhi, inatosha.

Mchangiaji wa pili:
Mimi nashika hesabu za usharika. Mnada ukiupeleka nje baada ya baraka, nani atabaki? Pilau inawasubiri nyumbani. Mikungu ya ndizi na kuku nitarudi navyo mimi?

Mleta mada:
La bodaboda nimelipokea, sikuwafikiria wa juu. La mnada bado nabisha. Waliokuja toka Dar hawaondoki haraka hivyo, wanasalimiana uwanjani mpaka saa nane, na hapo ndipo mifuko inafunguka. Ila mkesha tusiufute. Kwa nini usifanyike kila mtaa peke yake badala ya kushuka usharikani? Wainjilisti mliomo humu, mtaweza, au tarehe 24 mnakuwa mmeshachoka?